Sili Yenye Dawa ya Viatu

Sili ile ilikuwa inanuka dawa ya viatu.

Shamsi aliigeuza kiganjani pete ile ya mpira, akainusa tena. Harufu ya oili aliitegemea, na ya chuma kilichopata moto pia, maana hizo ndizo harufu za sili yoyote iliyochoka. Lakini dawa ya viatu, ile nyeusi ya kwenye kikopo ambayo watu hupaka viatu asubuhi ya Idi, ilifikaje ndani ya gari lililoletwa jipya kutoka ng'ambo, ambalo hakuna fundi hata mmoja wa Kasulu aliyewahi kulifungua? Akaifuta kwa kidole gumba. Kidole kikatoka cheusi tii.

Gari lenyewe lililetwa mwaka ule wa 2014 na shirika moja la misaada, kwa ajili ya kusambaza chanjo na dawa kwenye zahanati za njia ya Manyovu. Lilikuwa gari dogo jeupe la mizigo, la umeme, halina injini, linachajiwa kwa paneli za jua kule bohari. Kwa kuwa lilipita bila kunguruma, watu walilibatiza jina la Bubu, na mbuzi wawili na bata mmoja walikuwa wameshakufa kwa kutolisikia likija. Wanawake wa sokoni walisema gari lisilo na sauti ni gari la majini. Saady, dereva wake, aliwapigia honi na kuwarushia mabusu.

Saady alikuwa mdogo wake Shamsi, kitinda mimba wa mama yao. Mama alifariki Saady akiwa na miaka sita, akamwachia Shamsi mkononi hasa, kiganja juu ya kiganja, pale pale kitandani. Shamsi alimlea, akamsomesha udereva, na siku Saady alipopata kazi ya kuendesha Bubu, Shamsi alilia kama mtu aliyefiwa. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na Saady tu.

Ndiyo maana Bubu lilipoanza kudondosha oili kwenye gurudumu la mbele kushoto, hakutaka fundi mwingine aliguse. Kwa mbwembwe zake zote za kizungu, gari lile lilikuwa na giaboksi ndogo yenye oili kama magari mengine, na pale ekseli ya mbele inapoingia kuna sili, pete ya mpira inayozuia oili isitoroke. Sili ikichoka, oili hutambaa mpaka kwenye breki, na breki iliyolowa oili haishiki. Saady alichomoa nyaya za umeme kama alivyofundishwa, maana kaka yake aliogopa shoti kuliko alivyoogopa kaburi. Shamsi akafungua gurudumu, akachomoa ekseli, akaitoa sili kwa bisibisi. Ndipo akainusa.

"Vipi kaka, mbona umekodoa macho?" Saady aliuliza.

"Hamna kitu. Lete hiyo mpya."

Sili mpya ilikuwa imetoka Dar kwa basi, ikiwa bado kwenye pakiti yake. Shamsi aliipaka oili mdomoni, akaigonga taratibu pande zote mpaka ikakaa sawa, akarudisha ekseli na gurudumu. Kazi safi. Lakini jioni alisugua kidole gumba kwa sabuni, akakisugua kwa mchanga, akakisugua kwa petroli, na weusi ule haukutoka.

Tuseme ukweli, Shamsi alijua ule weusi ni wa nini. Mtu mmoja tu Kasulu aliwahi kupaka sili dawa ya viatu, na mtu huyo ni yeye.

Ilikuwa miaka miwili nyuma, siku ya kumalizia mfungo. Tharsisi, kijana wa Kiha aliyebeba maharage kwa pikapu kati ya Manyovu na Kasulu, alileta gari linavuja sili ya mbele. Sili mpya ilikuwa ije na basi la Kigoma kesho yake. Lakini kesho yake ni Idi, kanzu ya Shamsi imeshapigwa pasi, na Shamsi alikuwa na tambo lake mjini kwamba gari halilali kwenye gereji yake. Basi akachakura kwenye kopo la takataka, akaokota sili ya zamani yenye kipengo kidogo mdomoni, akaiosha kwa petroli, akaisugua kwa dawa ya viatu aliyoinunua kwa ajili ya viatu vyake vya sikukuu mpaka ikang'aa.

"Mpya hii," akamwambia Tharsisi. Tharsisi akamshukuru kwa mikono miwili.

Kesho yake, kwenye mteremko wa Kivumu, breki za pikapu hazikushika. Gari lilishuka bondeni na kuwaka moto na magunia yake, Tharsisi akiwa ndani, na harufu ya maharage yaliyoungua ilikaa bonde lile siku tatu. Msibani mtu akamuuliza Shamsi, mbele ya watu, "Fundi, si juzi tu ulilitengeneza?" Shamsi akahisi macho yote usoni. Pale Kivumu palikuwa na chemchemi ndani ya kichaka cha mianzi, na wazee walikuwa na maneno yao juu ya kichaka kile. Akalidaka hilo.

"Mnapajua pale," alisema. "Ni jini la pale. Limemvuta."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Wiki haikuisha, Maalimu Athuman, mganga wa vitabu aliyetoka Ujiji, alipelekwa Kivumu kusoma, na vijana wakachoma mianzi yote na kuijaza chemchemi mawe. Shamsi alikuwepo. Esteri, mama yake Tharsisi, alimshika mkono akamwambia angalau sasa anajua nani kamuua mwanawe.

Sasa Jumatano Bubu likarudi.

"Linavuja tena," Saady alisema.

"Haiwezekani."

"Njoo uone kwa macho yako. Halafu kuna kituko, bro. Kuna kale kakengele ka kiti cha abiria, kanakolia mtu akikaa bila kufunga mkanda. Nikifika Kivumu kanalia. Kiti kitupu, kanalia tu, ti, ti, ti, mpaka nivuke daraja. Jana nikakifunga mkanda kile kiti kitupu. Kakanyamaza." Akacheka. "Nimepata abiria asiyelipa nauli."

Shamsi hakucheka. Alimwambia aende akale, amwachie gari.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Mafundi wenzake walikuwa kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, na vicheko vyao vilisikika. Alilipandisha gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akachomoa ekseli, akaitoa sili aliyoifunga Jumatatu kwa mikono yake mwenyewe, mpya, kutoka kwenye pakiti. Ikatoka imekauka kama ngozi ya zamani, imepakwa dawa ya viatu, na mdomoni ina kipengo kidogo. Akakipapasa kile kipengo kwa ukucha. Ilikuwa ni ile ile, iliyoteketea na Tharsisi.

Hapo gari likainama. Liliinama kidogo tu, upande wa abiria, kama gari linavyoinama mtu mnene anapokaa, na Shamsi aliyekuwa amelala chini yake aliziona springi zikijibana mbele ya macho yake, akasikia kiti kikilalamika juu ya kichwa chake, na ingawa nyaya zote za umeme zilikuwa zimechomolewa na kulala sakafuni mahali alipoziona, kikengele kikaanza, ti, ti, ti, na pamoja nacho ikashuka harufu, kwanza ya mawe mabichi, halafu ya mianzi iliyoungua, halafu, polepole, kama mtu anayefunua sufuria, ya maharage. Alitaka kusoma Ayatul Kursi, aliyoijua tangu utoto, na hakukumbuka hata neno la kwanza. Alitambaa kinyumenyume mpaka mgongo wake ukagonga ukuta. Upande wa abiria hapakuwa na mtu. Mkanda ulikuwa umefungwa.

Alasiri alimfungia Saady sili nyingine mpya ya akiba, kisha akamvuta pembeni.

"Usipite Kivumu," alimnong'oneza.

"Kuna njia nyingine ya Manyovu? Nipae?"

"Mwambie bosi wako gari bovu."

"Bovu nini, wakati wewe umeniambia umefunga sili mpya? Chanjo za watoto ziko kwenye barafu, kaka. Nitamwambia nini?"

Shamsi akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, juu ya ulimi. Angelisema, Saady asingeendesha gari lile hata kwa kupigwa fimbo. Lakini angemtazamaje tena usoni? Mdogo wake alikuwa akitamba naye mjini kote kwamba Kasulu hakuna fundi mwaminifu kama kaka yake.

"Basi nenda polepole," alisema.

Alhamisi Saady aliondoka kwa mzaha na akarudi salama, kikengele kikilia njia nzima. Ijumaa, baada ya swala, alipakia masanduku ya barafu akaondoka tena. Shamsi alilitazama Bubu likipotelea barabarani bila sauti, akaifunga sili ile yenye kipengo kwenye kitambaa, akaenda mbio nyumbani kwa Maalimu Athuman.

"Nimevamiwa, Maalimu," alisema. "Jini la Kivumu linamwandama mdogo wangu."

"Lile tulishalifukuza."

"Limerudi."

"Kuna jambo mlilolifanyia?"

"Hakuna, Maalimu. Wallahi hakuna."

Maalimu Athuman alimtazama kidogo, kisha akafunga mlango, akatia ubani kwenye chetezo, akaiweka sili juu ya mkeka na kuanza kusoma. Alikuwa mzee mpole mwenye sauti nyembamba, na alisoma vizuri. Moshi ulipanda wima. Halafu moshi ukaacha kupanda, ukalala chini, ukatambaa kwenye mkeka ukiizunguka sili, na chumba kikaanza kunuka mianzi iliyoungua, na sauti ya Maalimu ikazidi kushuka, ikawa nzito, ikawa ya mtu mwingine, mpaka Shamsi akatambua kwamba kisomo kilikuwa kimekwisha kitambo na kinachosemwa sasa ni Kiha, Kiha kizito cha wakulima wa milimani, kinywani mwa mzee wa Ujiji ambaye kwa miaka yote Kasulu hakujifunza Kiha zaidi ya salamu.

"Nilikuwa pale kabla ya babu zenu," sauti ilisema. "Wakachota maji yangu, sikuwagusa. Watoto wao walicheza na wangu, wala hawakujua. Wewe ukasema nimemvuta mtu. Wakaja na petroli, wakachoma mianzi na wangu wamo ndani. Wakaniziba maji kwa mawe. Na wewe ulisimama unatazama, viatu vyako vinang'aa."

"Nisamehe," Shamsi alinong'ona.

"Sikuja kusamehe."

"Mwache Saady. Nichukue mimi."

"Wewe una mdomo. Mdomo ndio ulionichoma, mdomo huo huo utanisafisha. Nenda kwa mama yake Tharsisi. Mwambie, yote, mbele za watu, kabla gari halijafika kwangu. Usiposema, lile ulilolisema litakuwa kweli."

Maalimu akaanguka kifudifudi. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka, na sauti ilikuwa yake.

"Nilichoma nyumba ya nani, Shamsi?" aliuliza. "Nilisoma juu ya nani?"

Shamsi alikuwa tayari nje. Alimpigia Saady huku anakimbia. Namba haipatikani. Akapiga tena. Kutoka Kasulu mpaka Kivumu ni saa moja na nusu kwa mwendo wa Bubu, na Saady alikuwa ameondoka saa nzima. Aliliendea soko akipita katikati ya nyanya za watu, akitukanwa, ndala moja imebaki njiani.

Esteri alikuwa mahali pake pa siku zote, nyuma ya debe la maharage. Tangu mwanawe afe, kila msimu alimtumia Shamsi kisado cha maharage mapya, kwa sababu Shamsi ndiye aliyebeba jeneza kwa mbele.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu, mbona unahema hivyo? Kaa."

"Mama Tharsisi, nina neno." Wauzaji wa jirani waligeuka. Wengi walimjua, na mmoja alikuwa na pikipiki yake gereji siku ile ile. "Ni juu ya gari la Tharsisi. Halikuwa jini."

Esteri akaacha kupima maharage. "Unasemaje?"

"Ilikuwa sili. Ile sili niliyomfungia ilikuwa mbovu." Aliziona zile nyuso zikimsogelea, akaona gereji yake, jina lake, Saady akiambiwa mtaani wewe ndiye ndugu wa yule. Ulimi ukateleza wenyewe mahali ulipozoea. "Niliuziwa mbovu dukani, mama. Sikujua. Nimekuja kujua juzi."

Mama yule akakiweka kipimo chini. "Basi huyo mwenye duka Mungu amsamehe," alisema taratibu. "Nawe usijilaumu."

Simu ikalia mkononi mwa Shamsi. Jina la Saady.

"Saady! Uko wapi? Simama! Simamisha gari!"

"Kaka." Sauti ya Saady ilikuwa ya kunong'ona, na nyuma yake kikengele kilikuwa kikilia, ti, ti, ti, haraka kuliko siku zote. "Niko Kivumu. Nimekanyaga breki haishiki. Hata pedali ya mwendo nimeiachia, na gari halipunguzi mwendo lenyewe kama siku zote. Kaka, pana mtu hapa kwenye kiti. Ana... Anasema nikuulize ni duka gani."

Basi Shamsi akasema. Alipiga kelele soko zima likageuka, akasema kopo la takataka, akasema petroli, akasema dawa ya viatu, akasema kanzu na Idi na tambo lake, akasema mimi, ni mimi, hakuna duka, ni mimi nimemuua Tharsisi na jini nimelisingizia, nimeshasema, nimesema yote, mwache, mwache mtoto. Kwenye simu kikengele kikanyamaza. Akasubiri kishindo. Hakikuja. Bubu halikutoa sauti hata lilipokuwa linaanguka.

Saady alizikwa Jumamosi. Gari liliokotwa bondeni likaletwa gereji kwa winchi, na Shamsi alilifungua kabla hata hajatoka kumzika mdogo wake, kwa sababu lazima aone. Sili ilikuwa mpya. Kavu, safi, haijadondosha tone. Breki hazikuwa na oili hata chembe. Hapakuwa na kosa la fundi popote.

Msibani alisema tena. Alimshika kila aliyekuja, akamweleza habari ya ile sili, akamwonyesha kidole gumba. Watu walimkalisha chini kwa upole. Walimpa maji. Maalimu Athuman, aliyekuwa na habari kamili, alikuwa amepanda basi la Ujiji alfajiri bila kuaga mtu. Mafundi wenzake walitikisa vichwa: maskini, jini la Kivumu limemchukua mdogo, sasa limempanda mkubwa, linamsemesha ovyo.

Esteri alifika mchana. Alipenya katikati ya watu, akachuchumaa mbele ya Shamsi, akamshika mkono ule wenye kidole cheusi. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akakileta puani, akanusa.

"Mama Tharsisi," Shamsi alilia, "waambie. Wewe waambie. Wewe unaniamini."

Mama yule aliinuka, akawageukia watu. "Ni jini," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Msiyasikilize anayosema. Si yeye."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akasema kichaka kile kumbe hakikuchomwa vizuri, mianzi imeanza kuchipua, na vijana wakaanza kuulizana nani ana petroli. Esteri aliinama tena, kama mtu anayempa mfiwa pole, mdomo karibu na sikio la Shamsi.

"Nimekuamini, mwana wanje, kila neno," alinong'ona. "Miaka miwili ulinilaza na jini. Na wewe lala nalo."

Akajitanda kanga yake, akaondoka. Vijana nao wakaondoka kuelekea Kivumu na madumu yao, na Shamsi akawafuata akiwapigia kelele wasichome, wasichome, mpaka wakamshika na kumfungia ndani ya gereji kwa usalama wake. Wakatia kufuli. Alibaki amesimama peke yake na lile gari jeupe lililopondeka, lisilo na betri, lisilo na waya hata mmoja uliounganishwa.

Upande wa abiria, gari likainama kidogo.